Sauti Zetu Zisife Ndani ya Flashi

Kila nipitapo penye vibanda vya mafundi wa simu hapa Macalder, katika Nyatike, kaunti ya Migori, na hasa saa za jioni ambapo wachimba dhahabu wamekwisha kutoka mashimoni na wachuuzi wa samaki wamerejea kutoka Sori, sikosi kumwona mtu aliyeshika simu kongwe au flashi ndogo mkononi, akimweleza fundi kwamba sauti imo humo ndani, ameisikia kwa masikio yake mwenyewe, lakini sabufa ya nyumbani inakataa kuisoma. Pengine ni mjane aliyetumiwa na jamaa zake maneno ya mwisho ya mumewe. Pengine ni katibu wa kwaya ya Wasabato anayetaka nyimbo walizorekodi makambini zisikike kanisani. Pengine ni kijana wa bodaboda ambaye redio ya pikipiki yake huziruka nyimbo nyingi kuliko inazozicheza. Wote huja na shida moja, na wengi wao hupewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni, "Mama, hii imeharibika, tuifute upate nafasi." La pili ni kugeuzwa kwa sauti ile iwe MP3 kwa muda wa dakika chache, malipo yakatolewa, na faili ya asili ikafutwa papo hapo pasi na mwenyewe kuulizwa.

Mimi nasema kwamba majibu haya yote mawili ni dhuluma, ijapokuwa vijana wanaoyatoa ni watu wema wanaotafuta riziki ya halali. La kwanza huizika sauti iliyo hai. La pili humpa mwenye mali furaha ya leo na kumnyang'anya haki yake ya kesho. Kuigeuza faili ya sauti ili isomwe na chombo kingine ni kazi njema, tena ni kazi ya lazima katika zama hizi, lakini ni kazi ya amana, na sharti la amana hiyo ni kwamba igeuzwe nakala, na asili ibaki vile vile ilivyorekodiwa. Nyumba isiyolijua sharti hili itapoteza, katika miaka michache, sauti ambazo hazinunuliki kwa fedha wala kwa dhahabu, hata hii inayochimbwa chini ya miguu yetu.

Kila kizazi na chombo chake

Jambo hili si geni, wala halikuanza na simu. Siti binti Saad wa Unguja alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, sauti yake ilirudi pwani ikiwa ndani ya santuri nzito zilizovunjika upesi, zikizunguka mara 78 kwa dakika, na asiyekuwa na gramafoni aliweza kuishika santuri ile mkononi mchana kutwa asipate kusikia hata neno moja. Huku kwetu ziwani, wanaume waliorudi kutoka vitani na kutoka kazi za mshahara mijini walikuja na magitaa na gramafoni, na mgodi wa Macalder wenyewe, uliotoa shaba na dhahabu hata ukafungwa mwaka 1966, ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo mtu aliweza kupata fedha ya kununua vitu kama hivyo.

Muziki wa benga ulipokomaa katika miaka ya 1960 na 1970, chombo kilikuwa sahani ndogo ya mizunguko 45, na kwa kuwa upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache, wimbo ulikatwa vipande viwili, msikilizaji akawa hana budi kuinuka katikati ya furaha yake kuigeuza sahani ili aupate mwisho, ambako magitaa hukimbia kwa kasi. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Tanzania, aliimba na Shirati Jazz ndani ya mipaka hiyo hiyo ya sahani. Na sahani za benga alizozitoa mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo zilisafiri hadi kusini mwa Afrika, ambako watu wa Zimbabwe waliuita muziki huo kwa jina lake, kanindo. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba chombo ni chombo tu. Chombo hukata, hufupisha na hupanga, na msikilizaji huzoea mpaka akasahau kwamba wimbo uliwahi kuwa na umbo jingine.

Kisha ikaja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963, na hapo ndipo yalipotokea mapinduzi ambayo hatujayapa heshima yake. Mtu wa kawaida, asiye na studio wala ufadhili, aliweza kwa mara ya kwanza kubonyeza vitufe viwili na kuirekodi nyumba yake mwenyewe: nyanya akisimulia hadithi za siwindhe, yaani nyumba ya bibi wanamosimuliwa watoto, mzee akiitaja nasaba yake mpaka babu wa saba, mpiga nyatiti aliyealikwa matangani, kwaya ikijifunza wimbo mpya. Kaseti zikafuatwa na CD, CD zikafuatwa na flashi na kadi za simu, na katika kila hijra hiyo watu walihamisha nyimbo maarufu na wakaziacha nyuma sauti zao wenyewe. Hilo ndilo kosa letu kubwa. Wimbo wa Misiani ukipotea kwako utaupata kwa jirani, na ukipotea kwa jirani utaupata Kisumu au Nairobi. Lakini hadithi ya nyanya yako ikipotea kwako, imepotea ulimwenguni.

Sabufa haina kosa

Sauti ikiingia katika simu hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo hupangwa kwa utaratibu maalumu ambao wataalamu huuita umbizo na mafundi wetu huuita fomati. Taratibu hizi ni nyingi kwa sababu haja zao ni mbalimbali. CD huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, na sauti hiyo ikihifadhiwa bila kupunguzwa katika umbizo la WAV, dakika moja hula takriban megabaiti 10. MP3, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, nayo ikapewa jina hilo mwaka 1995, huziacha zile sauti ambazo sikio la mwanadamu halizitambui kwa urahisi, hata dakika ile ile ikaenea katika megabaiti moja. Simu ndogo za vitufe, hizi tuziitazo kabambe, aghalabu hurekodi kwa AMR, umbizo lililotungwa kwa mazungumzo ya simu, ambalo huipima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huja kwa Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, na simu za iPhone hurekodi kwa M4A.

Sabufa za bei nafuu, pamoja na zile redio ndogo ambazo wavuvi huenda nazo ziwani usiku, zimetiwa kichipu kilichofundishwa kusoma MP3, na pengine WAV au WMA, basi. Zikikutana na AMR au Opus haziulizi wala hazielezi, bali huiruka faili ile kimya kimya na kuendelea na inayofuata. Nani, basi, atamlaumu mama kwa kudhani kwamba sauti ya mumewe imeharibika? Faili ni nzima, sabufa ni nzima, ila hayo mawili hayakufundishwa lugha moja.

Wako wanaodhani kwamba kuzibadili herufi za mwisho za jina la faili, kutoka opus hadi mp3, ndiko kuigeuza. Sivyo hata kidogo: tarakimu zilizomo zimebaki kama zilivyokuwa, na sabufa itaikataa vile vile. Na kuna nyakati ambapo faili haina taksiri yoyote na dosari imo katika flashi, iliyopangwa kwa utaratibu uitwao NTFS ilhali sabufa inaujua ule wa FAT32 peke yake. Fundi mwaminifu huanza kwa kulichunguza hilo, kisha huvitoa vyote vilivyomo na kuviweka pahali salama kabla ya kuipanga upya, maana kuipanga flashi ni kuifuta. Nimeona watu wengi wakipoteza kila kitu kwa sababu ya haraka ya hatua hii moja.

Kisichorudi

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe, nami naomba msomaji anivumilie. Umbizo kama MP3, AMR na Opus hupunguza sauti, na kilichopunguzwa hakirudi. Ukiichukua AMR ya simu ya zamani ukaigeuza MP3 ya kiwango cha juu kabisa, faili itakuwa kubwa lakini sauti haitakuwa safi zaidi. Muwa uliokwisha kukamuliwa katika kinu cha Awendo hauongezeki utamu kwa kutiwa katika chombo kikubwa. Lakini hasara haikomi hapo. Kila sauti inapotolewa katika umbizo moja lenye kupunguza na kutiwa katika jingine la namna hiyo, hupunguzwa tena, kwa kanuni nyingine. Mtoto akaigeuza Opus ya WhatsApp kuwa MP3. Jirani akaichukua MP3 ile akaipunguza ili ienee katika kadi yake. Shemeji naye akaitia katika video ya kumbukumbu ya matanga. Baada ya hijra kadhaa za namna hiyo maneno ya mzee yanasikika kama yanatoka chini ya maji, na wajukuu wanaambiwa kwamba babu yao hakuwa na sauti nzuri.

Mafundi wengi hupunguza mno kwa hofu ya nafasi. Hofu hii ilikuwa na sababu siku za kadi ndogo, na leo haina. Kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, kadi ya gigabaiti 4 hubeba nyimbo zipatazo 800 za dakika tano tano, yaani muziki wa saa zaidi ya 60. Ni nani mwenye matanga ya saa 60 mfululizo? Basi kuna haja gani ya kuushusha wimbo hadi kilobiti 64 au 32, mpaka gitaa la benga likapoteza ule mlio wake mkali ambao ndio uhai wake? Maneno matupu ya mtu mmoja yanaweza kuvumilia kiwango hicho cha chini, muziki hauwezi.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. MP3 ni msala mzuri, nao umedumu kuliko wengi walivyotazamia, hata wenye hati miliki zake wakaacha kuuza leseni mwaka 2017 na umbizo likawa huru kwa wote. Lakini ni msala upitao. Litakuja umbizo jingine, na vyombo vipya vitakavyolisoma hilo, na siku hiyo atakayekuwa na asili yake ataigeuza upya bila hasara nyingine, na aliyeifuta asili atageuza mabaki ya mabaki.

Kilichohifadhiwa ndicho kirudicho

Nitatoa ushahidi wa jirani zetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake kusini mwa Afrika, alizunguka Kenya na mitambo yake, na miongoni mwa aliowarekodi walikuwamo Wakipsigis walioimba juu ya Chemirocha, jina walilolitengeneza kutokana na la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, waliyemsikia katika santuri. Rekodi hizo ziliwekwa katika International Library of African Music, maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baada ya zaidi ya miaka 60, maktaba hiyo, kwa msaada wa Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha sauti zile kwa Wakipsigis, na wazee waliokuwa vijana siku zile wakazisikia tena. Yaliwezekanaje hayo? Kwa sababu asili ilitunzwa, hata alipotokea mtu wa kuigeuza, palikuwapo na kitu cha kugeuza. Ketebul hao hao, mwaka 2008, walitoa kitabu pamoja na CD na DVD juu ya historia ya benga, nao walitegemea wale waliozitunza sahani zao na wale waliokuwa hai kusimulia.

Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya watunzaji wa sauti iitwayo IASA, ilitoa tahadhari kwa dunia nzima juu ya kanda za sumaku, ikieleza kwamba mashine za kuzichezea zinakwisha, na vipuri vyake na mafundi wake vinakwisha pamoja nazo. Tahadhari hiyo mimi naisoma kama barua iliyoandikwa kwa kila nyumba ya kando ya ziwa iliyo na sanduku la kaseti juu ya kabati. Unyevu wa huku huziotesha ukungu, joto la mabati huzikunja, na watoto huzivuta utepe wake kufanyia michezo. Ni nyumba ngapi za Kadem, za Karungu au za Kendu Bay zilizo na kaseti na hazina tena redio ya kuzicheza? Tukingoja serikali ije na gari la kuzikusanya, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Dhima ya fundi, dhima ya nyumba

Kazi yenyewe si ngumu wala haina gharama kubwa. Programu za kuifanya zipo bila malipo: VLC husoma karibu kila umbizo na huweza kugeuza, Audacity hurekodi kutoka redio ya kaseti iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, FFmpeg hugeuza mamia ya faili kwa amri moja. Kaseti irekodiwe kwanza kwa WAV, au kwa FLAC ambayo huibana sauti bila kuipunguza. IASA hushauri vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, kwa biti 24. Kisha kutoka humo itolewe MP3 ya sabufa. Ujumbe wa WhatsApp ubaki Opus mahali pamoja, na MP3 yake iwe mahali pengine. Jina la faili litaje aliyesema, pahali na mwaka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na faili iitwayo "Recording 014" haitamwambia mjukuu chochote.

Sheria nayo inaitazama asili. Wosia wa mdomo, kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, hukubaliwa ukiwa umetolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na mwenyewe akafariki katika miezi mitatu; na rekodi yoyote ya kielektroniki ikiletwa kortini, Sheria ya Ushahidi huitaka korti ipime jinsi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na uzima wake ulivyolindwa. Katika nchi hii ya mashamba yenye dhahabu, ambamo ndugu hugombania mpaka mara tu mzee anapofunga macho, familia iliyofuta faili ya asili na kubaki na nakala iliyokatwakatwa imejidhoofisha yenyewe kabla hakimu hajaketi.

Nitagusia kwa ufupi haki ya wasanii. Fundi ajazaye flashi kwa nyimbo za watu na kuziuza hajageuza sauti tu, amechukua jasho la mwingine, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalijua jambo hilo. Lakini hilo lisiwe kisingizio cha kumzuia mtu kuigeuza sauti ya baba yake mwenyewe.

Ninachokiomba kwa mafundi wa Macalder ni maneno machache tu kabla ya kubonyeza: "Mama, nikuwekee na ile ya kwanza?" Atoze shilingi zaidi kwa ajili ya kazi hiyo, na watu watalipa wakielezwa. Kwa vyuo vya ufundi vya kaunti za Migori na Homa Bay naomba somo la kugeuza na kutunza sauti lifundishwe pamoja na utengenezaji wa simu, na kwa maktaba na makanisa naomba pawepo na redio moja ya kaseti iliyo nzima, na kompyuta moja, na siku moja ya juma ambapo mwenye kaseti yake ataingia nayo na kutoka na faili.

Na nyinyi wasomaji, Disemba watakaporudi watoto wenu kutoka Nairobi, Kisumu na Mombasa na kompyuta zao mabegani, msiwaache wakae wiki nzima wakitazama sinema. Watoleeni kaseti zilizo juu ya kabati na simu zilizokufa zilizo ndani ya droo, muwaombe watoe kwanza kilichomo, wakinakili mahali pawili, kisha ndipo wakigeuze kwa ajili ya sabufa. Waanze na sauti ya aliyekuwa mkubwa kuliko wote nyumbani, kabla ya kuugusa wimbo wowote wa redio.